Kifuko cha kishikwambi kisicho na makuu

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, naishi Mikanjuni na kazini naenda kwa baiskeli. Natumia kishikwambi, kimojawapo cha vile vya Sensa ya 2022 ambavyo baadaye tuligawiwa walimu. Kifuko nilichokinunulia zipu yake imekwangua ukingo, na chenyewe kinachezacheza humo ndani. Vingine ninavyoviona madukani vimejaa mifuko na mikanda nisiyoihitaji. Nataka kitu rahisi, kilichoshonwa kikashoneka. Na je, cha mkonge kitafaa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Acha kuzunguka madukani, nenda kwa fundi. Kabla ya ukurasa huu nilikuwa nashona mabegi ya shule kule Ngamiani, na nakuhakikishia kazi hii haimshindi fundi mwenye cherehani nzima na mkono uliotulia.

Kuchezacheza kunatokana na kipimo. Zile inchi za kwenye boksi ni za kioo tu, zimepimwa mshazari, kona hadi kona. Hazikuambii upana wala unene. iPad ya kizazi cha 10 ni ya inchi 10.9 na upana wake unakaribia sentimita 18. Samsung Galaxy Tab A9+ ni ya inchi 11, na upana wake haufiki hata 17. Kifuko kilichoandikwa "inchi 11" kitamfaa nani hapo? Kwa hiyo pima chako mwenyewe, pamoja na kava lake kama huwa hulivui. Kisha kata vipande vya boksi, vibandike mpaka vilingane nacho kwa urefu, upana na unene, umpelekee fundi hicho. Kishikwambi kibaki nyumbani. Kifuko kikilala bapa, nafasi ya ndani iwe upana wa kifaa, jumlisha unene wake, jumlisha nusu sentimita. Zaidi ya hapo kitacheza tena.

Nje weka turubai la kitambaa, si lile la plastiki. Katikati usikubali sponji ya godoro, inalala baada ya muda mfupi. Tafuta ule mpira mwepesi ambao mafundi viatu wanauweka ndani ya soli, unene wa milimita 3 hadi 5. Ndani kabisa weka kitambaa laini chenye manyoya mafupi, kile wanachofungiwa watoto wachanga. Mpira uwe kipande kimoja kinachopinda chini, usikatwe kwenye kitako, na pembeni ufike mpaka kwenye mshono. Kifaa kikianguka mara nyingi hutua kwa kona, na kioo huanza kupasuka hapohapo. Kifuko chenye mpira katikati tu na kona tupu hakijakinga kitu.

Zipu achana nayo. Mwambie fundi mdomo uwe upande mfupi, na uwe na ulimi wa sentimita 6 hivi unaopinduliwa kwa ndani, kama foronya ya mto. Hakuna chuma, hakuna cha kukwangua.

Siku ya kukichukua usikilipie kabla hujakipindua. Tazama pembe mbili za mdomo, maana ndipo mkono unapovuta kila siku: mshono urudiwe mara mbili au tatu pale, na ncha za uzi zisining'inie. Uzi uwe wa poliesta, wa pamba huoza kwa unyevu wetu huu wa pwani. Ukiona mishono imeruka, sindano ilikuwa nyembamba. Turubai na mpira vinataka namba 16 au 18. Mwambie kwa adabu akirudie, fundi anayejua kazi hatanuna.

Mkonge naupenda, umeulea mkoa huu tangu ulipoletwa mwaka 1893 enzi za Mjerumani. Lakini nyuzi zake ni kavu, zinachomachoma, na zinanyonya maji. Kikapu cha mkonge kibebe kifuko, kisikiguse kioo.

Mengine ni ya matunzo. Mchanga ndio adui mkubwa wa kioo, kwa hiyo ukitoka ufukweni Raskazone kipindue ukikung'ute vizuri. Masika kitie kwenye mfuko wa plastiki kwanza, turubai hilo litazuia manyunyu tu. Wakati wa kuchaji kitoe, joto lisijifungie humo. Apple wanaandika iPad itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na jua letu la Januari ukikiacha juani hapo unapapita upesi sana.

Na kwenye baiskeli usikifunge kwenye keria, mtikisiko wa barabara zetu unaujua. Kikae mgongoni ndani ya begi, mdomo juu, na madaftari yakae upande wa nje.