Kulipia safari ya kituo cha anga: Je, ni israfu?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Kaka yangu amejaaliwa mali na ana nia ya kulipia nafasi katika safari za kampuni binafsi zinazopeleka watu Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Je, hiyo si israfu? Na ataswali vipi huko?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullah. Asili ya safari ni halali, na kupanda kilomita 400 juu ya ardhi hakubadilishi hukumu hiyo. Wanaanga wa Saudia, Rayyanah Barnawi na Ali AlQarni, walikwenda huko Mei 2023 katika safari ya kampuni ya Axiom, lakini wao waligharamiwa na serikali ya Saudia. Kaka yako anatoa mfukoni mwake, na hapo ndipo penye swali. Safari ya kwanza ya kampuni hiyo, Aprili 2022, iliripotiwa kugharimu takriban dola milioni 55 kwa kila abiria mlipaji.

Israfu haipimwi kwa ukubwa wa kiasi peke yake, bali hutazamwa kwanza haki zilizotangulia. Ikiwa anadaiwa na deni limeiva, alipe. Ikiwa hajahiji, basi mwenye uwezo wa kununua nafasi hiyo hana udhuru wa kusema hana uwezo wa Hija. Fedha anazoziweka akiba kwa ajili ya safari, zikitimiza mwaka zikiwa bado mkononi mwake, zinatolewa zaka ya asilimia 2.5, nia ya kuzitumia haiziondolei wajibu huo, na wengi hughafilika hapa. Akishatimiza hayo, akaenda kwa utafiti wenye manufaa, sioni wa kumzuia. Akienda kwa fakhari tu, nachelea aya ya Suratul Israa inayowaita wabadhirifu ndugu wa mashetani.

Ama swala, kituo huizunguka dunia kwa takriban dakika 90, hivyo jua huchomoza mara 16 hivi kwa siku, lakini hilo halimlazimu swala themanini! Mwaka 2007, mwanaanga Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipokwenda huko katika Ramadhani, wanachuoni wa nchi yake walielekeza kwamba nyakati zifuate saa za Baikonur, Kazakhstan, mahali chombo kiliporushiwa, na kibla kielekezwe kwa kadiri ya uwezo: kwenye Kaaba, ikishindikana upande wa dunia, ikishindikana popote. Kwa kipimo hicho, anayerushwa kutoka Florida atafuata saa za Florida, na asipoweza kurukuu na kusujudu kwa kuelea, ataashiria. Akirejea hana haja ya kuzirudia.

Wallahu a'lam.