Likizo ya Juni: nani abaki na watoto nyumbani?

SWALI

Ndugu Mshauri, mimi ni mama wa watoto watatu wa miaka 4, 8 na 11, na ninaishi Mwanga, mjini Kigoma. Huondoka alfajiri kwenda Kibirizi kununua dagaa wa kuuza, na hurudi saa nane mchana. Shule zikifungwa, binti yangu mkubwa ndiye hubaki na wadogo zake. Likizo iliyopita nilikuta wamewasha jiko wenyewe, na siku nyingine jirani aliwakuta njiani wakielekea ziwani wamebeba dumu tupu. Sasa ninafikiri kuwafungia ndani kwa kufuli. Nifanye nini ili wasichoshwe na nyumba na wasidhurike?

Mama Watatu, Mwanga

JIBU

Dada, kufuli hilo usilifunge. Moto ukizuka, au mmoja wao akipaliwa, watoto waliofungiwa kwa nje hawana pa kutokea, na jirani anayesikia kelele hana pa kuingilia.

Kuhusu binti yako, anaweza kugawa uji, kumnawisha mdogo wake na kumwita mtu mzima, lakini si haki kumkabidhi uamuzi ambao hata sisi wakubwa hutushinda. Usimfanye mzazi wa nyumba kwa sababu tu ni msichana na ni mkubwa. Zungumza na akina mama wawili au watatu wa mtaani kwenu mpeane zamu: mmoja akae na watoto wote asubuhi, na wewe unayerudi saa nane uwachukue wao hadi jioni, wenzako wapate nafasi ya shughuli zao. Huyo unayemwachia awe mtu unayemfahamu vizuri, na watoto waambiwe waziwazi kwamba hakuna mtu mzima, hata ndugu, anayeruhusiwa kuwashika sehemu za siri au kuwaomba wafiche jambo wasikwambie. Binti yako akariri namba 116, ambayo hupokea bila malipo taarifa za watoto wanaotendewa vibaya, pamoja na 114 ya Zimamoto.

Ndani ya nyumba, anza na mafuta ya taa. Wengi wetu huyaweka katika chupa ya maji ya kunywa, na mtoto wa miaka 4 mwenye kiu hawezi kutofautisha. Yaweke kwenye chombo kisichofanana na cha kinywaji, juu, ndani ya kabati linalofungwa. Akiyanywa, asitapishwe na asinyweshwe maziwa, kwa sababu akitapika mafuta huweza kuingia kwenye mapafu na kuyadhuru. Apelekwe hospitali mara moja. Chakula cha mchana kipike kabla hujaondoka, uji uwe kwenye chupa ya chai, kiberiti uondoke nacho, na jiko la mkaa lisiachwe na moto, wala lisiingizwe chumbani hata asubuhi ikiwa na baridi, kwa kuwa hewa yake huua bila kutoa harufu. Mtoto akiungua, mwagieni sehemu hiyo maji safi ya baridi kwa dakika 20. Mawese na dawa ya meno, ambavyo bado naona vikipakwa, huzuia joto kutoka na humpa daktari kazi ya ziada. Pipa la maji lifunikwe, na ndoo zimwagwe zikishatumika.

Ziwa ndilo linalonitia hofu zaidi. Ufuo wa Tanganyika sehemu nyingi huteremka ghafla: mtoto anapiga hatua mbili maji yakiwa kiunoni, ya tatu hagusi chini. Dumu hilo walilobeba, ambalo watoto hulishika ili waelee, ndilo huwadanganya, kwani kifuniko kikilegea hujaa maji polepole, na wimbi likilipokonya mkononi mtoto hubaki bila kitu cha kushika mahali ambapo asingefika bila hilo dumu. Kiangazi upepo wa kusini hulichafua ziwa hata siku isiyo na wingu. Ongeza mamba, na kichocho ambacho vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi ya anayeoga au kucheza majini. Hata hivyo, kumkataza mtoto wa Kigoma ziwa moja kwa moja ni kumfundisha kwenda kwa siri. Waahidi siku moja ya wiki utakayokwenda nao mwenyewe, mahali ambapo wenyeji wanapaamini, nawe ukae karibu kiasi cha kuwafikia kwa mkono, simu ikiwa mfukoni.

Siku nyingine waachie kazi ya kweli, maana mtoto asiye na la kufanya ndiye huwasha jiko. Wa miaka 8 apewe waya na vifuniko vya chupa atengeneze gari. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na kesho yake atalibomoa alijenge upya. Binti acheze mdako na wenzake uani, na kombolela ichezwe ndani ya mipaka mliyoiweka, mbali na kisima na barabara. Mdogo anatosheka na mchanga, makopo na mtu wa kumsikiliza.

SWALI

Wajukuu wangu wamekuja likizo kutoka Tabora, na mdogo ana miaka 3. Bila simu hawatulii. Niwape?

Babu, Ujiji

JIBU

Mzee wangu, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na ikipungua ni bora zaidi. Wape simu sebuleni, ukiona wanachotazama, kisha uichukue kabla ya chakula na kabla ya kulala. Watalia siku mbili za mwanzo, usibabaike. Jioni anza vitendawili, na atakayeshindwa akupe mji. Ukishapewa mji huo usitaje jibu upesi, waache wagombane kidogo.