Muulize Fundi: kijiko cha Uingereza, dizeli ya madumu na moshi wa jirani

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba Marekani na Ulaya wana sheria ya moshi hata kwa mashine zisizopita barabarani, yaani vijiko vya kuchimbia, matrekta, majenereta, kompresa na vinavyofanana na hivyo, basi tokea siku ile simu yangu haijapumua. Nimechagua maswali matano. La kwanza nimelijibu kwa urefu manake wengi mna ugonjwa huo huo ila hamjijui.

Assalaam alaykum fundi. Mie nna kijiko nimenunua used kutoka Uingereza, cha mwaka 2013, kinachimba kifusi huku Mahonda. Miezi ya mwanzo kilikuwa kizuri, sasa kinawasha taa ya njano ya bomba la moshi, nguvu hakina, na kikizidi kinajishusha chenyewe mpaka kinazima. Fundi kaniambia kuna dude kwenye ekzosi tulikate tutie bomba tupu, alafu kompyuta ataidanganya isijue. Anataka laki nane. Nimpe?

Wa alaykum salaam. Usimpe, ngoja kwanza nkwambie hilo dude ni nini.

Unakijua kifumbu cha kuchujia tui? Basi hilo dude ni filta ya moshi, na kazi yake ndo hiyo hiyo. Ndani mna kitu kama kauri chenye vitundu vidogo vidogo mfano wa masega ya nyuki, kitundu kimoja kimezibwa mbele, cha pili yake kimezibwa nyuma, kwa hivyo moshi ukiingia hauna njia ila upenye ukutani uende kwa jirani, na masizi yanabaki kama machicha. Sasa kifumbu cha mama ukikijaza unakikung'uta. Hichi hakikung'utwi, machicha yanachomwa humo humo ndani, na yanataka moto hasa, ikiwa mashine inajichoma yenyewe kwa kumwaga mafuta kidogo kwenye moshi inafika hadi nyuzi 600 hivi. Weka hilo kichwani, tutalirudia.

Kwa nini walikitia? Si kwa mapenzi, ni sheria. Marekani shirika lao la mazingira, EPA, lilianza na mashine hizi mwaka 1996 kwa daraja la kwanza, kwao wanaita Tier 1, injini za kilowati 130 mpaka 560 zikaruhusiwa kutoa masizi gramu 0.54 kwa kila kilowati-saa moja. Wakapandisha daraja, likaja la 2, la 3, mpaka la 4, sheria yake ilipita mwaka 2004 na ikaingia kidogo kidogo kuanzia 2008 mpaka 2015, na hapo masizi yakashuka mpaka gramu 0.02. Kutoka 0.54 mpaka 0.02, hesabu mwenyewe. Ulaya nao wana ngazi zao, wanaandika Stage kwa namba za Kirumi, na kijiko chako cha 2013 kitakuwa IIIB, kaangalie kibati cha injini utakikuta. Ili kufika huko viwanda vingi vikaona bora vitie filta ya moshi kuliko kuhangaika na nozeli peke yake.

Lakini kilichonifanya mie niipende ile sheria ya 2004 ni kwamba hawakuishika injini wakaacha mafuta. Waliandika vyote viwili pamoja. Manake adui wa filta na katalisti, yaani kile kipande cha ekzosi kinachosafisha gesi za moshi, ni salfa, wazee wetu wanaiita kibiriti upele, ile ile waliyokuwa wakisaga kuwapaka watoto wenye upele. Dizeli ya mashine za nje ya barabara kule Marekani zamani ilikuwa na salfa kama sehemu 3,000 katika milioni, mwaka 2007 ikashushwa iwe 500, na 2010 ikawa 15. Namba hizi hazina maana kwa mtu wa kawaida kwa hivyo nimezitia kwenye pipa. Pipa la lita 200 lina dizeli ya kama kilo 168. Ile ya zamani ndani ya pipa mna nusu kilo nzima ya kibiriti. Ya 500 mna gramu 84. Ya 15 mna gramu mbili na nusu, nusu kijiko cha chai hata hakijai. Sisi Afrika Mashariki nchi zilikubaliana kuanzia Januari 2015 iwe 50, kwa hivyo pipa lako linatakiwa liwe na gramu nane na kitu. Mashine yako imetengenezwa kwa dizeli ya Ulaya ambayo ni 10. Hiyo 50 inaihimili, ila filta haitokuwa na raha kama ya kwao. Ikipita hapo, katalisti inaanza kuziba pumzi.

Sasa mafuta unanunua wapi? Hukuniambia, na mteja asiyeniambia mafuta kanunua wapi huwa namdhania madumu. Dizeli ikishuka salama bandarini haina maana imefika kwako salama. Dumu limekaa juani, jana lilikuwa na mafuta ya taa, leo limetiwa dizeli, kesho anayeuza anaona ipungue kidogo bei anachanganya. Nunua kwenye kituo, chukua risiti, na mara moja moja jaza chupa nyeupe uiache usiku kucha uone kilichotua chini.

Hilo moja. La pili ndo nnaloliamini zaidi kwako wewe. Kijiko kinachimba dakika kumi kinasubiri gari ya kifusi dakika arubaini, na dereva hazimi kwa sababu ya kiyoyozi. Injini inaunguruma chini chini, moshi wake haupati joto, masizi yanaingia hayachomeki. Mie niliitwa mahali mwaka juzi, mashine mpya mpya, tajiri analia kwamba kauziwa bovu, nikapanda kwenye kiti nikaona dereva kabandika kipande cha plasta ya kidonda juu ya ile taa ya njano. Nikamuuliza hii nini, akasema inamkera macho usiku. Na pembeni yake mna swichi ya kuzuia mashine isijichome, ipo kwa ajili ya kazi za karibu na majani makavu au mafuta, yeye kaibonyeza toka siku ya kwanza akidhani ni ya feni. Basi nenda kamuulize dereva wako kwa upole, usimgombeze, utaambiwa ukweli.

Ukishajua, tafuta fundi mwenye kompyuta inayokubaliana na mashine hiyo, aiweke pahala pa wazi pasipo na makuti wala nyasi, aiamrishe ijichome imesimama. Itachukua kama nusu saa mpaka saa. Ikishindikana filta inatolewa inapelekwa kusafishwa, manake mbali na masizi mna jivu linalotokana na oili, na jivu halichomeki hata ulitie tanuri la chokaa. Hapo tena na oili yako, usitie yoyote ile, angalia dumu limeandikwa CJ-4 au CK-4, hizo jivu lake limepunguzwa makusudi kwa ajili ya filta.

Kukata kule Marekani ni kosa la sheria, kwa anayekata na kwa anayeuza kifaa cha kudanganyia. Hapa sikutishi na sheria ya watu, nakwambia la mfukoni tu, ukikata na kompyuta ikadanganywa na mtu aliyejifunzia kwenye video, mafuta yanakwenda vibaya, turbo inateseka, na siku ukitaka kuuza mnunuzi mjuzi atakushusha zaidi ya hizo laki nane. Na dereva wako ndiye atakayekunywa ule moshi.

Mwanangu fundi, mie mtu mzima niko Konde, Pemba. Nna pawatila yangu ya kulimia mpunga, ya zamani, inatoa moshi mweusi. Mjukuu wangu kasoma kwenye simu kwamba injini kuukuu za dizeli zimepigwa marufuku, ati zitachukuliwa. Ndo na sisi watatuchukulia?

Shikamoo mzee wangu. Hakuna wa kukuchukulia, lima. Sheria hizo za Marekani zinamshika mtengenezaji, injini mpya inayotoka kiwandani, si iliyokwisha kuuzwa. California peke yao ndo waliokwenda mbali zaidi, mwaka 2007 wakapitisha kanuni ya makampuni yenye mashine nyingi wazibadilishe au wazirekebishe hizo kuukuu kidogo kidogo. Na pawatila yako ni kijiinjini kidogo, hata kwa hao hao Wamarekani injini zilizo chini ya kilowati 19, kama farasi 25, daraja la 4 halikuzilazimisha kuwa na filta.

Moshi mweusi ni mafuta mengi hewa kidogo. Anza na filta ya hewa, ile ya bakuli la oili, wakulima wengi hawaifungui mpaka iwe tope la bondeni limejaa humo. Iosheni kwa dizeli, tia oili mpya mpaka kwenye alama, isizidi. Bado ikitoa, nozeli ipelekwe ikapimwe. Ingekuwa moshi wa buluu ningekwambia ringi zimekwisha, mweupe asubuhi tu ikipata joto unaondoka usijali. Mjukuu msalimie, mwambie asome mpaka chini.

Fundi mie ni fundi mwenzio wa maboti Mkoani. Tokea dizeli iwe safi, salfa ipunguzwe, pampu za dizeli zinakufa, zinavuja na kukwaruzika. Wenzangu wanasema salfa ndo ilikuwa inalainisha, kwa hivyo tunatia oili ya kuchanganyia petroli kidogo. Tunakosea?

Mwenzangu, hapo mna nusu ya ukweli. Salfa yenyewe hailainishi. Kuitoa kiwandani wanatumia haidrojeni kwa joto kubwa, na ile kazi inaondoka na vitu vyengine ndani ya dizeli ambavyo ndo vilikuwa mafuta ya pampu. Sweden waliyaona haya mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipoleta dizeli yao safi sana pampu za kuzunguka zikaanza kufa, ndipo dawa ya kulainisha ikawa inatiwa kabla mafuta hayajauzwa. Na Marekani Oktoba 1993 waliposhusha ya magari mpaka 500, injini kuukuu zikaanza kuvuja, kwa sababu mpira wa oringi uliozoea mafuta ya zamani ulikuwa umevimba, ukipewa mafuta mapya unasinyaa. Kwa hivyo uvujaji wa pampu kuukuu badilisha oringi zote kwa mpigo mmoja, usibadilishe moja ukaacha tatu.

Mkwaruzo ndo unaonitia shaka. Dizeli ya kituoni imeshatiwa dawa. Iliyochanganywa mafuta ya taa ndo kavu kweli kweli, na wavuvi tunawajua, wanachukua popote ilipo rahisi. Na maji ya chumvi tangini. Kabla hujalaumu salfa fungua kikombe cha kutegea maji uone. Oili kidogo kwenye pampu kuukuu ya boti haitokuua, sitokugombeza kwa hilo, ila oili iliyokwisha tumika usithubutu, ina unga wa chuma. Na kwenye mashine yenye filta ya moshi usitie oili ya aina yoyote ndani ya mafuta, soma jibu la mwenye kijiko.

Kaka fundi, mie mama wa watoto wanne Jang'ombe. Jirani ana jenereta la dizeli, bomba lake linaelekea dirisha langu. Umeme ukikatika tu tunafunga madirisha tunakufa joto. Akiambiwa anasema moshi wa dizeli hauna madhara, baba yake kafanya kazi nao miaka arubaini.

Dada yangu, pole. Mwambie mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitia moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kwa hakika kwamba vinaleta saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara. Baba yake Mungu amzidishie umri.

Ila usianze na ugomvi, anza na bomba. Kulipandisha juu ya bati na kuligeuza upande wa pili ni kazi ya welda ya nusu siku, mwambie mtachangia. Na mwambie jenereta kubwa kuwashiwa friji moja na taa nne linazidi kutoa moshi, halipati joto, mafuta mabichi yanatokea kwenye ekzosi, kwa hivyo jenereta dogo tu lingemtosha na hela angeokoa. Akikataa, kwa sheha, na baada ya sheha iko mamlaka ya mazingira, ZEMA, ndo kazi yao. Nenda na picha iliyopigwa moshi ukiingia dirishani.

Shemeji yangu yuko Marekani anafanya kazi shambani, kaleta picha ya dizeli nyekundu kama sharubati. Ndo hiyo safi?

Rangi haihusiani na usafi sasa hivi. Nyekundu ni alama kwamba haikulipiwa kodi ya barabara, ya matrekta na mashine, haitakiwi kwenye tangi la gari inayopita njiani. Uingereza nao wanayo, na tokea Aprili 2022 wameipunguzia watumiaji, wajenzi hawaruhusiwi tena. Mwambie shemeji asijaribu kujitilia kwenye pikapu yake, wakaguzi wanachovya tangi, na faini ni dola 1,000 au dola 10 kwa kila galoni, ile iliyo kubwa.