Re: Nimefuta faili kwa DEL kwenye DOS, linarudi?

Mkuu, umeuliza kama faili ulilofuta kwa DEL (amri ya kufuta faili) kwenye ile kompyuta ya zamani ya DOS (mfumo endeshi wa kuandika amri) linaweza kurudi. Linarudi mara nyingi tu, ila usiandike kitu chochote kwenye hiyo diski kwanza! DEL haifuti data yenyewe, inabadili herufi ya kwanza ya jina la faili na kuihesabu nafasi yake kwenye diski kama iko wazi, sasa ukikopi kitu kingine kinaweza kukalia hapo hapo na ndo basi tena. Kama una MS-DOS 5 ya 1991 andika UNDELETE, itakuuliza ile herufi ya kwanza, unaijaza. Faili lililotawanyika vipande vipande ndo linasumbua, linaweza kurudi nusu. Nakuomba sana, hiyo UNDELETE iendeshe toka kwenye flopi (diski ndogo ya kuchomeka), ili usiandike kitu kwenye diski yenye faili.