Kasi Iliyoandikwa Kwenye Boksi Ni ya Bafa

Maswali ya SSD, yaani diski zisizozunguka zinazotunza data kwenye chipu za flashi, yamezidi mengine yote safari hii. Mnaouliza "SSD gani nzuri" bila kusema mnaitumia kwa kazi gani, nimewaacha tena.

Fundi, nina SSD ya QLC ya terabaiti 1. Nikihamisha video za harusi inaanza kwa zaidi ya megabaiti 1,000 kwa sekunde, halafu katikati inaporomoka hadi karibu 100. Muuzaji anasema ni joto. (Mpiga picha, Arusha)

Joto hupunguza kasi, ila ulichoeleza ni bafa, sehemu ya kupokelea data kwa muda, iliyojaa. Seli, kichumba cha kutunzia data, ya aina ya QLC hubeba biti 4, yaani kontrola (chipu inayoendesha SSD) lazima itofautishe viwango 16 vya chaji ndani ya seli moja. Kuviandika kwa usahihi huo huchukua muda. Kwa hiyo kontrola hutenga sehemu ya seli hizohizo na kuziandikia biti 1 tu kila moja, kazi ambayo ni ya haraka sana, kisha diski ikitulia huzihamishia data hizo kwenye seli zinazobeba biti 4. Hiyo ndiyo bafa ya SLC, jina la seli ya biti 1.

Sasa angalia hesabu yake. Kila gigabaiti 1 inayokaa kwenye bafa hiyo inakalia nafasi ambayo ingebeba gigabaiti 4. Ndiyo maana bafa hunywea kadiri unavyojaza diski. Intel 660p ya mwaka 2018, ile ya terabaiti 1, ilikuwa na bafa ya takriban gigabaiti 140 ikiwa tupu, na gigabaiti 12 tu ikikaribia kujaa. Bafa ikiisha, uandishi ulishuka hadi karibu megabaiti 100 kwa sekunde, chini ya diski nyingi za kuzunguka. Mtengenezaji anakutangazia ile kasi ya mwanzo. Naona ni haki ya mnunuzi kuandikiwa kasi zote mbili, na wauzaji wa maduka yetu wangekuwa wa kwanza kudai hilo.

Ufanye nini? Acha walau robo ya diski wazi. Hamisha kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu iache diski ikiwa na umeme ili imwage bafa yake. Ukiichomoa haimwagi kitu. Ukinunua nyingine kwa kazi ya video, chukua TLC, yenye biti 3 kwa seli.

RAM iliyo ndani ya SSD ndiyo inayoshika faili zangu kabla hazijaandikwa, sivyo? (Wengi mno)

Sivyo, na nimeshalijibu hili. Data yako hupita humo kwa kiasi kidogo na kwa muda mfupi. Sehemu kubwa ya RAM hiyo hushika ramani: kila kilobaiti 4 za data zipo wapi kwenye flashi. Kila mstari wa ramani ni kama baiti 4, ndiyo maana SSD ya terabaiti 1 kwa kawaida hupewa gigabaiti 1 ya RAM. Zisizo nayo huazima makumi ya megabaiti kutoka RAM ya kompyuta, utaratibu ulioingia mwaka 2014 na toleo la 1.2 la NVMe, kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta na SSD. Kwa laptopu ya ofisi hutaona tofauti. Kwa seva utaiona.

Nikifanya difragi (kupanga upya vipande vya faili), SSD itaandika haraka zaidi?

Hapana, utaichakaza bure. Hakikisha TRIM, amri inayoiambia SSD data ipi imeshafutwa, imewashwa, basi.

Programu yetu ya mauzo inatumia hifadhidata ya PostgreSQL na kila risiti ilikuwa inachelewa. Kijana aliyetufungia seva akazima fsync, sasa inakimbia mno. Tuiache hivyo? (Duka la dawa, Mombasa)

Iwasheni leo, kabla hamjafunga duka. fsync ni hifadhidata kusubiri ihakikishiwe kwamba muamala umefika mahali ambapo umeme ukikatika hautapotea. Mkiizima, programu inaambiwa "tayari" wakati risiti ingali kwenye RAM ya kompyuta. Siku umeme utakapokatika, hamtapoteza risiti chache za mwisho tu. Hifadhidata nzima inaweza kuharibika isifunguke. Kuna kipengele kingine, synchronous_commit, ambacho kikizimwa mnaweza kupoteza miamala ya mwisho lakini hifadhidata inabaki nzima. Kwa kumbukumbu za dawa na pesa, hata hicho nisingekigusa.

Ucheleweshaji wenyewe una sababu. Kurasa za flashi, yaani vipande vinavyoandikwa kwa mkupuo mmoja, siku hizi ni kubwa, kilobaiti 16 ni kawaida, na ukurasa ulioandikwa hauandikwi tena mpaka bloku nzima, kundi la kurasa nyingi, ifutwe. SSD ya kawaida ikiamriwa kumwaga bafa kwa ajili ya risiti ndogo, mara nyingi huandika ukurasa ambao haujajaa. Inachelewa na inachakaa kwa pamoja.

SSD za seva zina kapasita, vitunza umeme vidogo, zinazoipa kontrola muda wa kuhamisha bafa hadi kwenye flashi umeme ukishakatika. Kwa hiyo inaweza kujibu "tayari" mara moja bila kudanganya, ikakusanya risiti nyingi ndogo, ikajaza kurasa na kuzigawa kwenye chaneli zake zote. Nunueni moja yenye kinga hiyo. Mwambieni pia mwandishi wa programu aweke bidhaa zote za risiti moja ndani ya muamala mmoja. Nina hakika anaandika kila mstari peke yake. UPS, betri ya akiba, iwepo, lakini haitawasaidia pawasaplai, kifaa cha ndani kinachoipa seva umeme, ikifa.

Nikinakili kwenye flashi ya USB kwa Linux, mstari unafika 100% lakini taa inaendelea kumeta.

Data ingali kwenye RAM ya kompyuta. Andika sync, au bonyeza kitufe cha kuitoa kwa usalama, na usubiri.

Kwa nini wasiweke hizo kapasita kwenye kila SSD? (Mwanafunzi, Dodoma)

Gharama, mwanangu, na nafasi. Kadi ya M.2, umbo la SSD nyembamba inayochomekwa kwenye ubao mama, ya kawaida ina upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Ukishapanga chipu za flashi, kontrola na RAM, pembeni panabaki padogo. Nyingi za seva zina urefu wa milimita 110 kwa sababu hiyo. Ukikuta iliyotumika kwa bei nzuri, pima kwanza nafasi kwenye ubao mama wako, kisha mwombe muuzaji akuonyeshe taarifa za SMART, kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea, ujue imeshaandikwa terabaiti ngapi. Akikataa, ondoka.