Mleta uzi, Jumamosi huondoki: hiyo themostati irudishwe kwanza

Nimesoma maswali yako yote manne, hema la juu ya paa au godoro ndani, friji, mahali salama pa kulala, na bajeti ya mwezi, nikawa natikisa kichwa taratibu kama mtu mzima. Halafu nikafika kwenye sentensi uliyoipitisha katikati kana kwamba si kitu: "gari liko fiti, fundi ametoa themostati maana huku kwetu joto, akatia maji safi." Chai ikanipalia.

Na mnaondoka Jumamosi, wewe na mkeo, Dar hadi Kigoma kwa kupitia Mbeya na Sumbawanga, miezi mitatu, mnaishi humo humo ndani ya Toyota Surf yenye injini ya dizeli ya 1KZ. Mdogo wangu, huondoki. Mengine nitakujibu nikikumbuka.

Mimi na Baba Imani tulikuwa na Prado, lile umbo la zamani, 1KZ hiyo hiyo. Yeye kastaafu ualimu, kiinua mgongo kimeingia, watoto wametawanyika kila mmoja na mambo yake, tukasema tuizunguke nchi kabla magoti hayajagoma. Gari ni langu na fundi ni wangu, kwa hiyo msije mkamlaumu mzee wa watu. Kosa hili lina jina langu.

Fundi tumejuana miaka tisa. Ananiita mama, sikukuu nampelekea pilau. Nikampelekea gari alifanyie sevisi ya safari. Akachomoa themostati, kile kidude kinachosimamia joto la maji ya injini, akakishika kiganjani mbele yangu kama daktari anayekuonyesha jino bovu: "Mama, hiki ni cha wazungu, kwao kuna barafu. Huku kwetu kinazuia maji tu." Nikaona mbona ana akili huyu. Nikamwongezea elfu kumi ya soda. Yaani nimempa mtu bakshishi kwa kuniulia injini.

Kidude kile hakikuwekwa kwa ajili ya barafu. Injini ikiwa baridi kinafunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta, ile inayoyapoza, ili injini ipate moto haraka. Ikishapata moto kinafungua njia hiyo, na wakati huo huo sahani yake ya upande wa pili inaziba njia ya mkato, ile inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukikitoa, njia ya mkato inabaki wazi saa zote. Sehemu ya maji ya moto inakuwa kama daladala inayokatisha ruti: haifiki mwisho, inageuzia njiani, abiria wale wale wanarudishwa walikotoka. Mjini huwezi kuona tofauti. Dar ni tambarare, unakwenda spidi arobaini, mzigo wenyewe ni wewe na mfuko wa sokoni. Miaka mitatu utaapa kwamba fundi wako ni bingwa.

Na hayo maji safi ndiyo yanamalizia. Maji matupu yanakula vyuma, yanaleta kutu, kutu inaziba vijia vya rejeta. Kisha yanachemka mapema. Pwani, bila presha, ni nyuzi 100, ukipanda juu yanachemka kabla ya hapo. Kulanti, ile dawa ya rejeta, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikiwa na mfuniko wa rejeta unaoshika presha sawasawa, inavuka nyuzi 120 bila kuchemka. Mfuniko huo unayasaidia maji matupu pia, ila kulanti inayazidi kwa nyuzi kadhaa, na hizo nyuzi ndizo mlima wenyewe.

Haya, Juni, alfajiri, tunatoka. Morogoro poa. Tunakatisha Mikumi, Baba Imani anahesabu twiga kwa sauti. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu gunia zima, sijui tulikuwa tunaenda kufungua genge Mpanda. Tukaingia mlima Kitonga saa saba mchana, mbele yetu lori la saruji linapanda kwa mwendo wa mgonjwa, gia ya kwanza, kona baada ya kona, nyuma yangu basi linanipigia honi. AC iko wazi maana Baba Imani anasikia joto. Mshale wa joto uko katikati kabisa, umetulia kama picha ya ukutani.

Hapo ndipo nilipodanganywa mara ya pili, na gari lenyewe. Mshale wa magari haya hausemi ukweli. Umetengenezwa usimame katikati kwa nyuzi nyingi sana ili dereva asipate wasiwasi, na ukianza kupanda ujue mambo yameshaharibika zamani. Mimi niliuona ukipanda kwenye kona ya tatu. Kabla sijafika ya nne mvuke ukatoka pembeni ya boneti.

Nikaegesha, nikazima injini, nikafungua boneti. Vijana wa pale mlimani wakaja na dumu la njano, mmoja anasema, "Mama, mwagia maji, mwagia!" Na mimi, mtu mwenye shahada, nikamwagia. Maji baridi juu ya injini inayotokota. Hedi ya 1KZ, yaani kichwa cha injini, ni aluminiamu, imekalia bloku la chuma cha kuyeyusha, vitu viwili visivyotanuka sawa hata siku ya amani. Nikasikia "tik", kama mtu kavunja njiti ya kiberiti. Fundi wa Iringa aliniambia baadaye kwamba hedi haisikiki ikipasuka. Mimi niliisikia.

Nilitakiwa nizime AC mapema, nifungulie hita kwa nguvu zote (ndiyo, hita, Kitonga, saa saba mchana, mtoke jasho kama mko kwenye tanuri, ila hita ni rejeta ndogo ya dharura), niegeshe pale mvuke haujaanza, niiache injini ingurume taratibu huku feni inazunguka ikiwa maji bado yamo, kisha nikae kimya nusu saa bila kugusa mfuniko. Sikufanya hata kimoja.

Tukavutwa hadi Iringa. Hedi ikafunguliwa: mpasuko kati ya valvu mbili, mwembamba kama unywele. Baba Imani alivaa miwani yake ya kusomea, akauangalia muda mrefu, akasema, "Yaani hiki?" Ndiyo, Baba Imani. Hicho.

Sasa sikiliza sehemu ya kuishi ndani ya gari, maana ndiyo ndoto yenu. Tuliishi ndani ya gari kweli. Usiku kumi na tisa, ndani ya uwanja wa gereji, Iringa, mwezi wa sita. Hema la juu limefunguliwa juu ya gari lisilo na hedi, chini yake mbwa wa mlinzi. Baridi ya Iringa mwezi wa sita huwa haijui kwamba umetoka Dar na shuka mbili. Asubuhi mafundi wanafika saa mbili, na mimi nateremka ngazi ya hema na kanga na mswaki, "Shikamoo mama," "Marahaba wanangu," naelekea bombani. Watu wanalipia mandhari ya milima, mimi niliamka nikitazama gia boksi la Fuso.

Kwa nini kumi na tisa? Kwa sababu hedi ya kwanza tuliagiza Dar, kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, ya mtumba, ikaja kwa basi siku ya tatu imefungwa kwenye gunia. Muuzaji aliapa kwa mama yake kwamba ni nzima. Ikapimwa kwa presha: imepasuka palepale ilipopasuka yangu! Kuirudisha, kugombana kwa simu, kurejeshewa nusu ya hela, kutafuta mpya, wiki mbili zikaisha. Tulipanda jiwe la Gangilonga mara tano. Kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Halikuniambia kitu, nadhani lilinionea aibu.

Jumla ilifika milioni tatu na laki nane, hedi, gasketi, boliti mpya, kuvutwa, mafundi, na rejeta iliyobidi ifunguliwe isafishwe, ikatoka tope la rangi ya tofali. Themostati mpya, ile ambayo ingezuia yote hayo, niliinunua elfu thelathini na tano. Kiinua mgongo kikainua hedi.

Nilipompigia fundi wangu wa Dar kumwambia, unajua alisema nini? "Pole mama, hizo 1KZ ndivyo zilivyo." Kumbe ndivyo zilivyo! Sasa kama ulijua ndivyo zilivyo, ulichomoa nini wewe? Sijapeleka tena pilau.

Na wale wa kwenye magrupu wanaosema "Prado haiulizwi", nao nina neno nao. Wao ndio walioniambia nibebe. Beba maji, beba dizeli, beba betri ya pili, porini hakuna duka. Nikabeba. Hema kilo 65 na keria lake, madumu manne ya maji, hizo ni kilo 80, madumu mawili ya dizeli, mtungi wa gesi, friji, mchele, na boksi la vitabu vya mtu fulani ambaye hajafungua hata kimoja. Tulipotoka gereji fundi wa Iringa akatupeleka kwenye mizani ya mfanyabiashara wa mahindi. Tulizidi uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari kwa kilo mia tatu na kitu. Mia tatu! Ni kama tuliipanda Kitonga na watu wazima wanne wamekaa juu ya paa. Na huko Mpanda maduka yapo, maji yanauzwa, vitunguu pia.

Sasa kanuni yangu ni moja tu, na mume wangu ameichoka: gari lipakie kila kitu, kila kitu, pamoja na mkeo, ulipandishe mlima wa karibu wiki mbili kabla ya safari. Usijaribu kwa gari tupu, wala usilizungushe Mlimani City, ule si mlima. Kwa mtu wa Dar mimi nasema nenda Mombo, panda Soni hadi Lushoto. Lami nzuri, kona tupu, unapanda karibu mita elfu moja ndani ya saa moja. Panda mchana wa jua kali, AC iwe wazi. Kabla ya hapo funga geji ya pembeni ya joto inayoonyesha namba, ule mshale usahau. Ukiona namba inapanda na hairudi, unageuza, unashuka Mombo, uko kwenye barabara kuu, mabasi yanapita, Dar uko usiku huo huo. Mkilala Lushoto usiku mmoja mtajua pia kama godoro linatosha, kama mkeo anaweza kushuka ngazi saa tisa usiku kwenda kukojoa, na kama bado mnapendana. Sisi tungefanya hivyo, tungeliona joto likipanda pale Soni na mambo yangeisha kwa laki chache. Rudini, toa nusu ya mzigo, nendeni.

Unauliza hema au godoro ndani. Godoro ndani. Hema lilipigwa mnada Mbeya kwa nusu bei, na gari likapumua.

Pa kulala: tulivyoendelea, Tunduma, Sumbawanga, tukashuka hadi maporomoko ya Kalambo, kisha Sitalike na Mpanda, hatukuwahi kulala porini peke yetu. Kijijini unaanza kwa mtendaji au mwenyekiti, unajieleza kabla hujaulizwa, anakuonyesha pa kuegesha, na usiku mgambo anapita kukuchungulia, ambayo ndiyo unachotaka. Mara nyingi tuliomba uwanja wa parokia. Mjini tulichukua chumba cha gesti siku mbili tatu, si dhambi, bafu lenye ndoo ya maji ya moto lina thamani kuliko video yoyote ya watu wanaoishi kwenye gari. Pale Sitalike viboko wako mtoni kwa mamia, usiegeshe karibu na maji hata kama ni pazuri kwa picha. Mbung'o wa Katavi wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, na gari linalotembea wanalifuata. Vaa kaki, funga vioo.

Kuna kingine uliuliza. Bajeti? Anza na hiyo elfu thelathini na tano.

Kesho asubuhi, gari likiwa baridi kabisa, baridi nasema, fungua mfuniko wa rejeta, chovya kidole ndani. Yakiwa ya kijani au pinki na yanateleza, kwenye maji fundi kakutania tu, themostati bado irudishwe. Yakiwa maji matupu, au kama chai ya rangi, piga picha uiweke hapa, na umwambie mkeo afungue mabegi.