Kisima kinanuka petroli: nitie sahihi?

SWALI: Hujambo Mwalimu. Kisima changu kiko karibu na bomba la mafuta. Tangu mvua za Aprili maji yananuka petroli na juu yana utando wa rangi rangi. Nikimwagilia sukumawiki, majani yanaungua. Watu wa kampuni wametuletea maji kwa lori, unga, na karatasi ya kutia sahihi. Mume wangu anasema nitie, kisha maji ya kisima niwe nayachemsha. Nifanyeje?
— Mkulima, kando ya bomba

JIBU: Dada yangu, usiyachemshe. Moto huua vijidudu, na petroli si kijidudu. Benzini, kemikali iliyomo ndani ya petroli, hupanda na mvuke, ukaivuta ukiwa umeinamia sufuria, nayo huleta saratani ya damu. Katika maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 0.01 kwa lita. Tena msishushe taa ya moto kisimani!

Maji ya lori pokeeni, na unga pia. Karatasi isubiri wakili. Kule Bodo, Nigeria, bomba la Shell lilipovuja mara mbili mwaka 2008, wanakijiji waliletewa mchele, maharagwe na sukari. Walikataa, wakafungua kesi London, na Januari 2015 kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 55.

Lakini kesi hutaka ushahidi. Nilifanya kazi maabara ya maji miaka 26. Siku moja mama mmoja alituletea maji ya kisima chake katika chupa ya soda, imejaa nusu, amesafiri nayo siku mbili juani. Nilipoifungua, harufu ilikuwa hafifu mno. Mashine haikuona kitu, nami nikalazimika kuandika hivyo, na karatasi hiyo ndiyo iliyotumiwa kumpinga. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo omba maabara ikupe chupa za kioo cheusi. Jaza taratibu mpaka maji yavimbe mdomoni, funga, kisha pindua chupa. Ukiona kiputo hata kimoja cha hewa, jaza upya, kwa maana benzini hukimbilia hapo. Weka kwenye barafu, ifike maabara siku hiyo hiyo. Andika tarehe, saa, na kila aliyeishika. Chifu au mzee wa kijiji awepo, atie sahihi.

Peleka malalamiko NEMA, mamlaka ya mazingira hapa Kenya, kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri. Wakinyamaza, iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ibara ya 70 ya Katiba yetu inakuruhusu kwenda huko bila hata kuthibitisha kwamba umeshapata hasara. Hasara unayo, lakini fidia itataka ionekane, basi usizing'oe hizo sukumawiki kabla hujazipiga picha, shina kwa shina, bomba likionekana nyuma.